Tabia na Ngozi: Mtaa wa Aldersgate na Fundisho la Mtu Mpya

Wahenga walisema tabia ni ngozi, na katika maneno hayo machache wakatia hukumu nzito juu ya binadamu: kwamba aliyekua na choyo atazikwa na choyo chake, na kwamba mwenye kutaka kumvua mwenziwe tabia ni kama mwenye kutaka kumchuna hali yu hai. Mithali hiyo ina ukweli mwingi, na mzazi yeyote aliyelea ataishuhudia. Lakini dini ya Kikristo, toka zama za mitume, imesimama juu ya dai lililo kinyume chake, nalo ni kwamba mtu aweza kuzaliwa mara ya pili, akawa kiumbe kipya mwenye jina lile lile na sura ile ile. Nataka kuandika habari za dai hilo katika mji mmoja, London, na hasa katika mtaa mmoja wa mji huo, kwa sababu kutoka mtaa huo dai hilo lilipakiwa merikebuni likaletwa Mombasa, Rabai na Buganda. Na kwa sababu wale walioipakia shehena hiyo, kama nitakavyojaribu kuonyesha, hawakuijua thamani yake yote, hata wakaja kufundishwa thamani hiyo na wale waliopelekewa.

Mtaa wa Aldersgate uko kaskazini ya kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, mwendo wa dakika chache kwa miguu, mahali palipokuwa na lango mojawapo la ukuta wa mji wa kale. Mambo ya kale yaliyosalia hapo ni haba sana, kwani mabomu ya vita vya 1939 hadi 1945 yaliteketeza sehemu kubwa ya mitaa ile, na majumba ya saruji yakainuka juu ya majivu yake. Karibu na jengo lililokuwa Makumbusho ya London limesimama bamba kubwa la shaba, refu kupita kimo cha mtu, lililojikunja mfano wa ulimi wa moto au wa jani lililokauka kwa jua, nalo liliwekwa mwaka 1981. Juu yake yamechorwa maneno kutoka katika kitabu alimoandika John Wesley mambo yake ya kila siku. Watu wa ofisini hulipita mbio, mkononi kikombe cha kahawa, na ukisimama kulisoma utajikuta wewe ndiye uliyeziba njia.

Wesley alipofika mtaa huo jioni ya tarehe 24 Mei 1738 alikuwa kasisi mwenye umri wa miaka 34, msomi wa Oxford, mfungaji wa saumu, mtembelea wafungwa, mtu aliyejipimia saa zake kama mfanyabiashara apimavyo dhahabu. Na pamoja na yote hayo alikuwa mtu aliyevunjika moyo. Alikuwa amerejea miezi michache kabla kutoka Georgia, koloni la Waingereza huko Amerika, alikokwenda kuwageuza watu wengine na kugundua kwamba yeye mwenyewe hajageuka. Katika safari ya kwenda huko tufani ilipoipiga merikebu, aliwaona Wamoravia wa Kijerumani wakiimba zaburi bila hofu, waume kwa wake na watoto, ilhali yeye padri akitetemeka kwa hofu ya mauti. Na fedheha hiyo haikumtoka. Basi jioni ile alikwenda, kwa shingo upande kama alivyokiri mwenyewe, katika kikao cha watu wachache mtaani Aldersgate, ambako mtu mmoja alikuwa akisoma dibaji aliyoiandika Martin Luther juu ya Waraka kwa Warumi. Ilipokaribia saa tatu kasorobo ya usiku, habari ilipofika pale Luther aelezapo mabadiliko ayafanyayo Mungu moyoni mwa mtu kwa njia ya imani, Wesley alihisi moyo wake umepata joto la ajabu, na yakini ikamwingia kwamba dhambi zake yeye, hata yeye, zimeondolewa.

Msomaji atambue vema ni jambo gani lililotukia na ni lipi halikutukia. Wesley hakupata ilimu mpya usiku ule; maneno yote aliyoyasikia aliyajua tangu ujana. Wala hakugundua ndani yake uwezo uliokuwa umefichika, kama mtu afukuaye chungu cha fedha alichozikiwa na babu yake uani. Alichokipata, kwa mujibu wa imani yake, ni hiba, kitu kilichotoka nje yake, na hiba hiyo ikaanza kumfinyanga upya. Katika miaka iliyofuata akafundisha jambo lililowaudhi wakubwa wa kanisa lake na hata baadhi ya rafiki zake, nalo ni kwamba neema hiyo haikomi katika kusamehe: yaweza kumfikisha mtu, huku huku duniani, kwenye ukamilifu wa upendo, hata kusibaki moyoni mwake nia inayoshindana na Mungu wala na jirani. Mwaka 1766 alikitoa kitabu kizima kulieleza fundisho hilo la ukamilifu. Wengi waliliona ni kiburi. Mimi naliona kuwa ndilo tumaini kubwa kupita yote lililowahi kutangazwa mbele ya wachimba makaa na wafuma nguo wa Uingereza, watu ambao jamii yao ilikwisha kuwahesabu kuwa ni mikono tu.

Na dai la namna hiyo likisha kusemwa halikubali mipaka. Ikiwa mchimba makaa mlevi wa Kingswood aweza kukamilishwa katika upendo, ni kwa hoja gani atakatazwa mtumwa wa mashamba ya miwa? Wesley mwenyewe aliifuata hoja hiyo hadi mwisho. Barua yake ya mwisho tunayoijua, aliyoiandika tarehe 24 Februari 1791, siku sita kabla ya kufa kwake katika nyumba iliyo kando ya kanisa lake la City Road, ilikuwa kwa William Wilberforce, kumtia nguvu katika vita vyake dhidi ya biashara ya watumwa. Na katika barua hiyo akataja kwamba amesoma kitabu kilichoandikwa na Mwafrika, ambacho yaaminika kuwa ni kile cha Olaudah Equiano kilichochapwa London mwaka 1789. Equiano alibatizwa akiwa bado mtumwa, mwaka 1759, katika kanisa la Mtakatifu Margareta lililo ubavuni mwa Abasia ya Westminster. Naomba mahali hapo pakumbukwe, maana tutaparudia.

Miaka minane baada ya kufa Wesley, tarehe 12 Aprili 1799, katika nyumba ya wageni iliyoitwa Castle and Falcon, katika mtaa ule ule wa Aldersgate, walikutana makasisi 16 na waumini wa kawaida 9, wakiongozwa na John Venn, kasisi wa Clapham, wakaunda chama cha kupeleka Injili Afrika na Mashariki. Ndicho kilichokuja kujulikana kwetu kwa herufi tatu, CMS, ambazo mabibi wa Rabai na Kisauni walizitamka kana kwamba ni jina la mtu wa ukoo. Waliokutana pale hawakuwa wafuasi wa Wesley. Wao walibaki ndani ya Kanisa la Kiingereza na wengi wao waliyakataa mafundisho yake ya ukamilifu. Lakini moto waliouchukua ulikuwa jamaa moja na ule, na sijui kama palikuwa na mmoja wao aliyewaza, alipokuwa akipandisha ngazi za nyumba ile, kwamba amepita karibu na mahali Wesley alipopashwa moyo miaka 61 iliyotangulia.

Kwa muda mrefu chama hicho kilikuwa na fedha za Waingereza na miguu ya Wajerumani. Wajumbe wake wa kwanza, waliokwenda Sierra Leone mwaka 1804, walikuwa Wajerumani, na ndivyo alivyokuwa Johann Ludwig Krapf, aliyeshuka Unguja Januari 1844, akapokewa kwa hisani na Sayyid Said, na kupewa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani. Miezi michache baadaye, Julai, mkewe Rosina akafa Mombasa kwa homa, na kitoto chao kichanga kikamfuata baada ya siku chache. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Krapf, naye akiungua kwa homa hiyo hiyo, akawaandikia wakubwa wake wa London kwamba sasa wana kaburi katika pwani ya Afrika, na kwamba kaburi hilo ni alama ya kuwa mapambano yameanza. Katika miezi hiyo hiyo ya matanga alikuwa akikitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili.

Kazi hiyo ya tafsiri yafaa tukae nayo kidogo, kwa kuwa hapo ndipo fundisho la London lilipokutana na ilimu iliyolitangulia. Krapf hakuikuta pwani ikiwa tupu. Toba, neema, imani, dhambi, dhamiri, roho: maneno yote haya aliyohitaji ili kumweleza mtu mpya yalikuwapo tayari vinywani mwa Waswahili, yameletwa na dini ya Kiislamu na kupewa sauti ya pwani kwa karne nyingi, na masheikh wa Mombasa ndio waliokuwa walimu wake katika lugha. Kando ya maneno hayo lilikuwapo jingine la Kibantu ambalo Kiingereza hakina mfano wake, nalo ni utu. Kwetu, kila aliyezaliwa na mwanamke ni mtu, lakini si kila mtu ana utu. Twamwambia mkatili, hali amesimama mbele yetu kwa miguu miwili, kwamba hana utu, na twamsifu maskini mkarimu kwamba yule ni mtu hasa. Maana yake ni kwamba ubinadamu kwa Mswahili ni amana apewayo mtu ili aikuze, na aweza kuikuza au kuipoteza. Mhubiri wa Aldersgate angeweza kujifunza mengi katika neno hilo moja kama angekuwa na subira ya kuuliza.

Mwaka 1846 Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walihamia Rabai, juu ya vilima vilivyo nyuma ya Mombasa. Mtu wa kwanza waliyembatiza aliitwa Mringe, kiwete, maskini, aliyekuwa karibu na kufa, naye akafa. Kwa hesabu za duniani hilo lilikuwa si tunda. Halmashauri yoyote yenye kupima gharama na mapato ingeliona hasara tupu. Lakini mtu akitaka kujua kama fundisho la kiumbe kipya ni la kweli au ni maneno ya mimbari, na atazame ni kwa nani lilianza: kwa mtu asiye na afya, asiye na mali, asiye na kesho, ambaye hapana uwezo wowote uliobaki ndani yake wa kukuzwa. Walimkalia kitako kibandani mwake, wakamsomesha neno kwa neno.

Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliiona theluji juu ya Kilimanjaro, na habari yake ilipochapwa London mwaka uliofuata, palitokea mtaalamu wa jiografia aliyeitwa Desborough Cooley, aliyekuwa bingwa wa ramani za Afrika bila ya kuikanyaga Afrika, akaikanusha kwa miaka mingi: haiwezekani, alisema, theluji chini ya jua la ikweta. Hata mwaka 1861 na 1862, Baron von der Decken alipoupanda mlima hadi sehemu fulani na kuthibitisha, bishara ya Rebmann ilikuwa bado inabishiwa. Naitaja habari hii kwa sababu inafunua maradhi ya zama zile. London ilikuwa tayari kuamini kwamba Mungu aweza kuufanya moyo mwekundu wa dhambi uwe mweupe, lakini ikashindwa kuamini weupe uliokuwa juu ya mlima wa Wachaga, kwa kuwa haukuwamo katika vitabu vyake. Na jambo lililotokea juu ya mlima ndilo lililotokea baadaye juu ya watu.

Katibu wa CMS toka 1841 hadi 1872 alikuwa Henry Venn, mwana wa yule John Venn wa Castle and Falcon. Ofisini kwake Salisbury Square, kando ya mtaa wa Fleet, mtu huyu ambaye hakupata kufika Afrika wala Bara Hindi alifikia wazo ambalo waliokaa huko miaka mingi hawakulifikia. Alisema kwamba kanisa la wenyeji sharti lijitegemee kwa fedha, lijitawale, na lijieneze lenyewe. Na kwamba misheni ni kama jukwaa la waashi, ambalo jengo likisha kukamilika hushushwa, na mwashi mwema hafurahii kuliona jukwaa lake likioza ukutani. Hiyo ilikuwa siasa ya kanisa, naam, lakini chini yake ilikuwa teolojia: ikiwa Roho Mtakatifu amewaumba upya, basi wana kila kitu cha kuwatosha, na kuendelea kuwashika mkono ni kumkana huyo Roho. Kwa juhudi za Venn, tarehe 29 Juni 1864, katika kanisa kuu la Canterbury, Samuel Ajayi Crowther wa Yoruba, aliyetekwa na wafanya biashara ya watumwa akiwa mtoto na kuokolewa baharini mwaka 1822, aliwekwa wakfu kuwa askofu.

Venn akafa mwaka 1873, na imani yake ikazikwa naye kabla ya wakati. Hapa nafika mahali pachungu katika habari hii. Mwaka 1875 yalianza huko Keswick, kaskazini ya Uingereza, makusanyiko ya kila mwaka ya watu waliotafuta utakatifu na maisha ya juu katika Roho, na fundisho lao la kujikabidhi kabisa kwa Mungu likawavuta vijana wengi wasomi, wengine wakajitoa kwa CMS. Mwaka 1890 baadhi ya vijana hao, waliokwisha kuonja mafundisho hayo ya utakatifu, walitumwa katika mto Niger, wakayakagua makanisa ya Crowther, wakawafukuza au kuwasimamisha makasisi na walimu wake wa Kiafrika kwa kukosa utakatifu, na yule mzee mwenye miaka zaidi ya 80, aliyezunguka mto ule tangu kabla ya wao kuzaliwa, akavuliwa mamlaka mbele ya watu wake. Alifariki tarehe 31 Desemba 1891, na aliyeshika mahali pake alikuwa Mzungu. Yalikuwapo makosa katika makanisa yale, na hapana anayekataa. Lakini fundisho lililozaliwa ili kuwaambia watu kwamba tabia si ngozi lilikuwa limepinduliwa mikononi mwa vijana hao, hata likasema kwamba ngozi ndiyo tabia.

Mawe ya London yanaihifadhi fikira hiyo hadi leo. Katikati ya ukumbi mkubwa wa Abasia ya Westminster liko kaburi la David Livingstone, aliyezikwa hapo tarehe 18 Aprili 1874. Miongoni mwa walioishika sitara ya jeneza lake siku ile alikuwa Jacob Wainwright, kijana wa Kiyao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nassik huko Bara Hindi, ambaye alisoma sala za maziko kule Chitambo, alikofia Livingstone, na kuchonga maandiko katika mti uliofunika moyo wa marehemu. Susi na Chuma na wenzao, waliouchukua pamoja naye mwili ule mwendo wa miezi mingi hadi Bagamoyo, hawakuwapo siku ile. Jiwe la kaburi linasema kwamba Livingstone aliletwa na mikono miaminifu katika nchi kavu na bahari. Mikono imetajwa, majina ya wenye mikono hayamo. Wainwright alirejea Afrika, akafanya kazi na wamisionari, akafa Urambo mwaka 1892.

Afrika ya Mashariki ilingoja. Cecil Majaliwa, mtumwa aliyekombolewa, alipata upadri Unguja mwaka 1890, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Lakini askofu wa kwanza mzalendo wa Kianglikana katika Uganda, Aberi Balya, hakuwekwa wakfu hata 1947, na Festo Olang', Obadiah Kariuki na Yohana Omari hawakupata daraja hiyo hadi tarehe 15 Mei 1955, miaka 91 baada ya Crowther.

Lakini katika muda huo wa kungoja jambo jingine lilikuwa likipikwa. Mwezi wa Septemba 1929 Dakta Joe Church, tabibu Mwingereza wa Gahini katika Ruanda, kijana aliyelelewa katika mafundisho ya Keswick, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kubwa iliyoua watu wengi katika nchi aliyokuwa akiihudumia. Juu ya kilima cha Namirembe akamkuta Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye cheo katika idara ya afya, amesimama karibu na pikipiki yake, naye akamwuliza swali la mtu mwenye kiu: je, kuna kitu zaidi ya hiki tulichonacho? Wakakaa pamoja siku mbili juu ya Biblia, mweusi na mweupe, hapana mwalimu wala mwanafunzi, wakitafuta habari za Roho. Hapo ndipo watu wengi wanapoweka mwanzo wa uamsho ulioenea kutoka Gahini na Kampala hadi Kigezi, Bukoba, Kenya, Dodoma na Burundi, na ambao watu wake waliitwa Balokole, waliookoka, na wimbo wao wa Tukutendereza ukavuka mipaka ya lugha zote.

Uamsho huo ulilichukua fundisho la Aldersgate kwa uzito ambao Salisbury Square haikuutazamia. Walokole walitubu kwa kutaja jambo lenyewe. Karani alirudisha misumari ya serikali, mume akamwambia mkewe siri aliyomficha, mwalimu akawaomba radhi wanafunzi. Na wamisionari nao, jambo lisilowahi kuonekana, wakasimama mbele ya Waafrika na kukiri kiburi chao cha rangi. Waliliita jambo hilo kutembea nuruni. Sitaficha kwamba walikuwa pia na ukali wao. Walihukumu upesi, walijitenga, na mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha Mukono, William Nagenda miongoni mwao, walifukuzwa baada ya mgogoro na wakubwa wao, na si kila kosa katika mgogoro ule lilikuwa la upande mmoja. Lakini katika vikao vyao ilitimia ile ndoto ya Venn: jukwaa lilianguka lenyewe, na jengo likabaki limesimama.

Mwaka 1947 Nagenda na Yosiya Kinuka, pamoja na Church, walikwenda Uingereza kuhubiri. London waliyoiona ilikuwa na viwanja vya kifusi, chakula kwa kadi, na makanisa yasiyo na paa, mtaa wa Aldersgate ukiwa mmojawapo wa mitaa iliyoungua. Mhubiri Mwingereza, Roy Hession, aliyewaalika wamisionari wa Ruanda katika mkutano wake wa Pasaka akidhani kwamba wageni hao watawasaidia wasikilizaji wake, aligundua kwamba anayehitaji kutubu ni yeye; na kitabu alichokitoa mwaka 1950, The Calvary Road, kimesomwa katika lugha nyingi, na ndani yake mna yale aliyofundishwa na watu wa Ruanda na Uganda. Basi shehena ilirudi bandarini ilikotoka.

Katika wale walioguswa na uamsho huo alikuwamo mwalimu mmoja wa Kiacholi, Janani Luwum, aliyezaliwa Mucwini mwaka 1922 na kuokoka Januari 1948. Akasomea ukasisi, akapelekwa Canterbury na kisha chuo cha teolojia cha London, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Uganda. Tarehe 16 Februari 1977, baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin kumlalamikia mauaji ya raia, alikamatwa akauawa pamoja na mawaziri wawili, na serikali ikatangaza kwamba wamekufa kwa ajali ya gari. Siku chache baadaye rafiki yake Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi, aliyekuwa amefundisha Dodoma miaka mingi na kukizungumza Kiswahili hata akawa mkalimani wa Billy Graham mwaka 1960, alitoroka usiku na mkewe Mera kwa kupanda milima kwa miguu hadi Rwanda. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, tarehe 8 Aprili, ilimkuta London. Aliingia kanisa la All Souls, mtaa wa Langham Place, karibu na jumba la BBC, akaketi nyuma.

Mkimbizi ana haki zote za kuchukia, na Kivengere alikuwa amegundua kwamba chuki juu ya Amin inamkausha rohoni na kumfanya mgumu. Ibada ya siku ile ilikuwa juu ya maneno ya Yesu msalabani, ya kuwaombea msamaha wale wampigao misumari. Akiwa ameketi pale kitu kikamshinda: kama Yesu aliwasamehe hao, naye je, anayo ruhusa ya kumbagua Amin? Alitoka amesamehe, na mwaka huo huo akakitoa kitabu ambacho jina lake liliwashtua Waganda wengi, I Love Idi Amin, yaani Nampenda Idi Amin. Wapo waliomlaumu, na walikuwa na wafu wao wa kuwalilia. Mimi siwezi kuwahukumu. Lakini nionavyo, pale katika kiti cha nyuma cha All Souls, mwendo usiofika saa moja kwa miguu kutoka Aldersgate, ukamilifu wa upendo ambao Wesley aliuhubiri na ambao watu wa zama zake waliuona ni kiburi, ulimpata mtu wa kuudhihirisha, naye alikuwa Mhororo kutoka Kigezi.

Leo mtaa wa Old Kent Road na mitaa ya Peckham imejaa makanisa ya Waafrika katika maghala na maduka yaliyofungwa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Roehampton walihesabu makanisa 240 ya watu weusi katika wilaya moja tu ya Southwark. Katika baadhi yake hutangazwa uwezo wa mtu, ushindi wake na kesho yake njema, na nawaelewa wanaokwenda huko, kwa kuwa mfagizi wa usiku anayesimangwa juma zima anahitaji kuambiwa Jumapili kwamba yeye ni mtu. Nawasihi wahubiri wao jambo moja tu: wasimtenganishe mtu mpya na toba iliyomzaa. Mringe wa Rabai hakuwa na kesho, naye alikuwa wa kwanza.

Tarehe 9 Julai 1998, mbele ya Malkia Elizabeth wa Pili, zilizinduliwa sanamu kumi za mashahidi wa dini wa karne ya ishirini katika uso wa magharibi wa Abasia ya Westminster, na mmoja wao ni Janani Luwum. Ziko juu ya mlango mkubwa. Msomaji akijaliwa kufika London, na akalisome kwanza jina hilo pale juu ukutani, kabla ya kuingia ndani kulitazama jiwe la Livingstone.